Nilichana Kitabu cha Kanisa

Kama wiki jana gazeti lilikupita, nakufupishia. Mimi ni Wamaitha, fundi wa sare za shule hapa Nakuru, mjane mwenye mtoto mmoja, Kui. Kui ana mchumba anayeitwa Travis Khaemba. Siku watu wa Travis walipokuja kwetu Free Area kujitambulisha, baba yangu, mzee Hiram, alikuwa akicheka na kumenya machungwa hadi Dalmas, baba ya Travis, alipotaja jina la marehemu baba yake.

"Bethwel Khaemba," Dalmas alisema. "Mtu wa reli."

Baba akaweka kisu chini.

"Hii ndoa haiwezi," akasema. "Kuna kitabu kanisani kitawaambia."

Akainuka akaenda kulala. Asubuhi yake kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na ulimi wote.

Nilimwambia Kui maneno ya babu yake ni ya uzee tu. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Jumapili iliyofuata kasisi akasoma tangazo la ndoa yao kwa mara ya kwanza. Yalibaki mawili.

Jumapili hiyo jioni nilikaa kando ya kitanda cha Baba, nikashika mkono wake wa kushoto.

"Baba, nifinye mara moja kama ni ndiyo. Mara mbili kama ni hapana. Umenielewa?"

Mara moja.

"Huyo Bethwel ulimjua?"

Mara moja.

"Alikukosea?"

Mara mbili.

"Hicho kitabu kiko hapa Nakuru?"

Mara mbili.

Baba alizaliwa Kabazi, kwenye shamba la mzungu. Nikamuuliza kama ni huko. Akanifinya mara moja, kwa nguvu.

"Baba, hawa watu ni ndugu zetu?"

Hapo hakufinya. Alifumba macho, na chozi likatoka kwa lile jicho zima.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni pa ofisi ya parokia yetu kabla haijafunguliwa. Jina la parokia sitalitaja, maana yaliyotokea ni makosa yangu mimi.

Sekretari wetu anaitwa Zeddy. Ana sauti tamu kama ya redio.

"Mama Kui, Kabazi ilikuwa chini yetu zamani, ni kweli. Lakini hizo vitabu za kitambo hatunazo. Ziko dayosisi."

Nikaenda dayosisi. Huko nikampata karani anaitwa Kang'ethe, kijana wa tai, anakula njugu.

"Una barua ya kasisi wako?"

"Barua ya nini? Nataka tu kuona jina la baba yangu."

"Bila barua hakuna."

Nikarudi. Zeddy akaniambia kasisi ameenda semina Naivasha, atarudi Jumatano. Jumatano kasisi akaniandikia barua, mistari mitatu. Nikaipeleka mbio. Kang'ethe akaisoma mbele na nyuma.

"Haina muhuri."

"Lakini si unaona sahihi yake?"

"Sahihi naona. Muhuri sioni."

Nikarudi tena. Muhuri ulikuwa kwenye droo, droo ilikuwa imefungwa, na Zeddy alikuwa amepeleka mtoto kliniki. Nilikaa kwenye benchi ya nje mpaka saa kumi. Nikifikiria zile sare za watoto wa watu zilizonisubiri dukani bila vifungo, nilitaka kulia.

Alhamisi nikaingia dayosisi na barua yenye muhuri mwekundu kama nyanya. Kang'ethe akafungua kabati, akashusha vitabu vinne, akavipanguza kwa mkono, akaangalia migongo yake.

"Hizi zinaanza sitini na moja."

"Baba yangu alizaliwa arobaini na saba."

"Basi hayuko hapa. Za kabla ya hiyo zilirudishwa Kabazi wakati wa sherehe ya kanisa lao. Hazijawahi kurudi."

Nilipiga ile barua juu ya meza.

"Kwa nini hukuniambia Jumatatu?"

"Jumatatu hukuwa na barua, mathe."

Ijumaa nikaenda Kabazi. Kui aliponiuliza naenda wapi nikasema nafuata vitambaa.

Kanisa la huko ni la mawe, na linaangaliwa na mwalimu mstaafu anayeitwa Jamleck. Nilimpata akifunga mbuzi wake nyuma ya choo cha kanisa. Nikamweleza shida yangu nusu. Nikamwambia natafuta ubatizo wa Baba kwa sababu ni mgonjwa. Sikutaja arusi.

"Kabati liko," alisema. "Shida ni ufunguo. Ufunguo uko na mwenyekiti wa akina mama, na mwenyekiti yuko matangani Subukia."

Lazima uso wangu ulianguka, kwa sababu alinitazama, akaingia nyumbani kwake, akatoka na bisibisi.

"Mimi ndiye nilifunga hizi bawaba," akasema. "Acha nizifungue."

Kitabu kilikuwa ndani ya mfuko wa mbolea, kimefungwa na kamba ya katani. Panya walikuwa wamekula kona. Nyuma kabisa kulikuwa na orodha ya majina iliyoandikwa kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa mtu mwingine, bila tarehe, jina na namba ya ukurasa tu.

Nilitafuta Hiram Gathogo. Gathogo ndiye babu yetu, baba ya baba yangu, aliyetulea sote na kuzikwa hapo hapo Kabazi. Hakukuwa na Hiram Gathogo.

"Angalia kwa Hiram peke yake," Jamleck akasema.

Kulikuwa na Hiram mmoja.

*Hiram Khaemba, 41.*

Nikakaa kwenye sanduku la mishumaa.

"Mwalimu," nikasema, "baba yangu ni Mkikuyu. Mama yake ni Mkikuyu. Kwa nini anaitwa Khaemba?"

Jamleck alivua miwani, akaifuta polepole.

"Mama, usishtuke. Mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa Hali ya Hatari, Wakikuyu wa mashamba ya huku walikuwa wanapakiwa kwenye malori na kurudishwa reserve, maeneo waliyotengewa. Watu na watoto wao. Sasa kuna wale waliokuwa na marafiki, Waluhya, Wajaluo, Wakisii. Rafiki anakuja kanisani, anasema huyu mtoto ni wangu, niandikieni. Mtoto anabaki. Mwaka huo watoto wengi walipata baba kwa siku moja."

Nililia. Nililia kwa furaha, nikimshika Jamleck mkono kama ndugu. Kumbe ni hilo tu! Bethwel alimwokoa baba yangu kwa jina lake. Mzee alikuwa amechanganya karatasi na damu. Nilianza hata kupanga jinsi nitakavyowaambia watu kanisani, jinsi babu ya Travis alivyomficha babu ya Kui wasimpeleke, na sasa watoto wao wanaoana. Nani asingepiga vigelegele?

"Hebu tuone ukurasa wenyewe," Jamleck akasema.

Akafungua ukurasa wa arobaini na moja.

*Hiram. Amebatizwa 14 Machi 1948. Mama: Wamaitha. Baba: Bethwel Khaemba, dereva wa trekta. Hawajaoana.*

Elfu moja mia tisa arobaini na nane. Hakukuwa na lori. Hakukuwa na Hali ya Hatari. Kulikuwa na msichana wa shamba, ambaye nilirithi jina lake, na dereva wa trekta ambaye baadaye alienda kuwa mtu wa reli. Na hapo pembeni, kwa herufi ndogo, padri au karani alikuwa ameongeza: *baba mwenyewe alikuwepo.*

Jamleck alisoma. Akafunga miwani kwenye kesi yake.

"Wacha nikuletee chai," alisema.

Nikahesabu. Bethwel ni baba ya Hiram. Bethwel ni baba ya Dalmas. Kwa hivyo Dalmas ni ndugu wa baba yangu, baba yangu mdogo. Travis ni binamu yangu. Binti yangu anaolewa na binamu yangu mimi, na kasisi ameshatangaza mara moja.

Sasa nakiri. Simu ilikuwa mkononi. Ningeweza kupiga picha. Sikutaka picha. Nilitaka mtu mwingine yeyote asiwahi kuona huo ukurasa.

Nikakohoa kwa nguvu, nikauchana.

Ulitoka wote, safi, kuanzia juu hadi chini. Nikaukunja mara nne, nikauingiza kwenye blauzi. Jamleck aliporudi na chai kitabu kilikuwa kimeshafungwa kamba. Nilikunywa chai yake yote. Nikamshukuru. Mzee wa watu akanipa na kabichi mbili nimpelekee mgonjwa.

Jumapili, tangazo la pili. Ukurasa ulikuwa ndani ya mkoba wangu, mkoba ulikuwa magotini. Kasisi akauliza kama kuna mtu anayejua sababu ya hawa wawili kutooana. Kui alinigeukia akanitabasamu.

Nilinyamaza. Nikaimba wimbo wa kutoka mpaka mwisho.

Jumatatu nilimwonyesha Baba ukurasa. Aliutambua kabla sijaukunjua.

"Ni kweli? Bethwel ndiye alikuzaa?"

Mara moja.

"Na babu Gathogo alijua?"

Mara moja.

"Na ulikaa miaka yote hii bila kuniambia?"

Hakufinya mara moja wala mbili. Aliushika mkono wangu tu, akakataa kuuachia, mpaka Kui akaingia na uji na ikabidi nifiche karatasi chini ya blanketi.

Jumanne Jamleck akapiga simu.

"Mama Kui, mgonjwa anaendeleaje?"

"Yuko tu, mwalimu."

"Kuna mama amekuja hapa kutoka Subukia. Anataka ubatizo wa baba yake, anautaka kwa ofisi ya kitambulisho. Kwa orodha yuko ukurasa wa arobaini na mbili. Sasa arobaini na mbili ni mgongo wa arobaini na moja. Na arobaini na moja haiko."

Sikuwa nimefikiria hata siku moja kwamba karatasi ina pande mbili.

"Labda ni panya," nikasema.

Nilisikia akifunua kurasa.

"Panya wa Kabazi hawakati kwa mstari, mama."

Akakata simu. Nilitoa ule ukurasa, nikaugeuza. Kulikuwa na watoto sita kwa upande wa pili. Sita, na wazazi wao, na siku zao. Nilikuwa nimewachukua wote.

Alhamisi niliamua kwenda kwa Dalmas. Nikajisemea, huyu ni mtu mzima, akiona mwenyewe atawaambia watoto, na mimi nitakuwa nimepumzika.

Dalmas anaishi Kariandusi. Alifanya kazi kwenye machimbo huko mpaka akastaafu. Mke wake, Mercyline, alikufa miaka minne iliyopita, na nyumba yake ina ule usafi wa mwanamume anayejiangalia: vikombe viwili, sahani mbili, taulo moja kwenye kamba.

"Karibu, Mama Kui. Mzee anaendeleaje?"

Nikaweka ukurasa mezani. Alisoma akisimama. Hakushtuka. Hiyo ndiyo ilinikasirisha kuliko yote. Alisoma kama mtu anayesoma bei ya unga.

"Ulijua!" nikasema.

"Baba aliniambia kabla hajafa. Kwamba nina ndugu Kabazi, ameitwa jina la watu wengine. Sikujua ni Hiram wenu mpaka siku ile alipoweka kisu chini."

"Na ukanyamaza? Ukasikia tangazo mara mbili na ukanyamaza?"

"Wewe je?"

Nikaketi bila kuambiwa.

"Baba Travis, hawa watoto ni damu moja. Tutafanya nini?"

"Tutawaacha waoane."

"Unasema nini?"

"Nasema hawa watoto hawana shida."

"Hawana shida vipi? Huyu ni mtoto wako, yule ni mjukuu wa ndugu yako!"

Dalmas alienda dirishani, akanipa mgongo.

"Mama Kui, wewe unaona karatasi. Mimi naona kijana. Nimekuambia hawana shida. Niamini."

"Nikuamini kwa nini? Nipe sababu moja."

"Siwezi kusema."

"Huwezi ama hutaki?"

"Niliapa kando ya kitanda cha mgonjwa. Tafadhali, usiniulize tena. Choma hiyo karatasi, urudi nyumbani, ushone nguo ya arusi."

Nilichukua ukurasa wangu, nikatoka bila kuaga. Nilimwona mtu mbaya. Nilimwona mtu asiyejali watoto watakaozaliwa, anayejali tu asiaibike mbele ya watu. Nilijiambia, kama yeye hana ujasiri, basi mimi nitakuwa nao.

Ningejua.

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa. Travis alikuwa amevaa shati la kitenge ambalo mimi mwenyewe nilimshonea. Alikuwa amekaa na Dalmas upande wa wanaume, na alipoingia alinipungia mkono. Namna gani unaweza kumchukia kijana kama huyo? Huyo ndiye alikuwa akija kumgeuza Baba kitandani nikilemewa, akimnyoa ndevu, akimwambia habari za mpira kana kwamba mzee anajibu.

Kasisi akafungua kitabu chake.

"Hii ni mara ya tatu na ya mwisho. Kama kuna yeyote anayejua kizuizi cha haki, aseme sasa."

Miguu yangu ilisimama kabla sijaiambia.

"Niko nacho," nikasema.

Kwaya ilikuwa ikinong'ona, ikanyamaza. Kui alinivuta sketi.

"Mama, kaa chini! Unafanya nini?"

Nilitoa ukurasa. Nilisoma kwa sauti, kila neno. Nilipofika kwa jina Bethwel Khaemba, nilisikia kanisa zima likivuta pumzi. Nikasema nilivyoupata na nikasema kwamba niliuchana. Nikasema, "Baba ya Travis na baba yangu ni watoto wa mtu mmoja. Hii ndoa ni haramu, na mimi nimejua kwa siku tisa."

Kui hakulia. Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba.

Kasisi alishuka, akachukua ule ukurasa mkononi mwangu, akausoma mwenyewe.

"Mzee Dalmas," akasema kwa upole, "unajua lolote juu ya hili?"

Dalmas alisimama. Alishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili.

"Kilichoandikwa ni kweli. Hiram ni ndugu yangu."

Mtu akasema, "Yesu!"

"Lakini hakuna kizuizi," Dalmas akaendelea. "Mercyline nisamehe huko uliko. Hakuna kizuizi, kwa sababu Travis hana damu ya Bethwel. Hana damu yangu. Mimi na mama yake hatukuzaa. Tulimtoa Naivasha akiwa na miezi minne."



Travis alimwangalia akitabasamu kidogo, kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha.

"Baba, unasema nini?"

"Kaa, mwanangu. Nitakueleza nyumbani."

"Wewe si baba yangu?"

"Mimi ni baba yako."

"Lakini umesema..."

"Nimesema vile nimelazimishwa kusema!" Dalmas alipaza sauti, na kichwa chake kikageuka kwangu. Kanisa lote likageuka pamoja naye.

Travis alitoka kwa mlango wa pembeni. Hakukimbia. Alitembea polepole, akipishana na watu kwa adabu, akisema samahani, samahani, mpaka nje.

Kasisi aliukunja ukurasa, akauweka katikati ya Biblia yake. Akasema kwamba kwa mujibu wa sheria ya kanisa tangazo linabaki halali, hakuna kizuizi, na tuombe. Wengine waliomba.

Kwa hivyo nilikuwa nimeshinda. Binti yangu angeweza kuolewa. Ila bwana arusi hakuwepo.

Simu yake ilizimwa Jumapili mchana. Jumatatu haikuwaka. Dalmas alitoka Kariandusi kuja kumtafuta kwa chumba chake, akakuta kitanda kimetandikwa. Kui alijifungia ndani na hakutaka chakula. Nilisimama nje ya mlango wake na sahani.

"Kui, si unaona? Mnaweza kuoana. Hakuna shida tena."

"Mama, umeokoa ndoa gani?"

"Sikujua. Naapa sikujua."

"Ungeniambia mimi. Siku ya kwanza. Ningemuuliza Travis, Travis angemuuliza baba yake wakiwa wawili ndani ya nyumba. Si mbele ya kwaya!"

Niliiacha sahani mlangoni.

Nilienda kwa Baba. Nikamweleza yote, kwamba mtoto si damu yetu. Alianza kutikisika, na nikachelewa kuelewa kwamba analia. Alikuwa amepoteza sauti yake kwa ajili ya kizuizi ambacho hakikuwepo.

Jumatano nikarudi dukani kwa sababu shule hazingenisubiri. Duka langu ni kibanda cha mabati chenye mlango mmoja unaotazama barabara, cherehani mbili na kioo. Nilikuwa natia kola kwenye shati la mtoto wa darasa la nne, kivuli kikaanguka kwenye kitambaa.

"Sasa, Mum."

Alikuwa Travis. Shati ni lile la Jumapili. Macho yalikuwa yameingia ndani.

Niliinuka na uzi mdomoni.

"Travis! Umekuwa wapi? Kui anakufa kwa ajili yako, baba yako..."

"Nimekuwa Naivasha."

Alisukuma vitambaa kando, akaweka kadi juu ya cherehani. Kadi ya ubatizo, ndogo, ya kijani, imepasuka kwenye mkunjo.

"Hii buda ameniachia kwa jirani alipokuja kunitafuta. Ndio kitu pekee walipewa pamoja na mimi. Nilibatizwa kwa kakanisa fulani karibu na mashamba ya maua. Nimeenda, nimepata kamehama. Sekretari ananiambia vitabu ziko kwingine. Nimeenda huko kwingine, wananiambia nilete barua."

Nilikaa chini. Nilijua hiyo barabara yote. Nilijua hata rangi ya muhuri.

Nikaisoma kadi. Jina lake lilikuwepo, Travis, bila la pili. Mahali pa mama palikuwa na jina moja, Nabalayo. Mahali pa baba mtu alikuwa amepiga mstari kwa rula.

"Nitafutie," akasema.

"Mimi?"

"Wewe ndio unajua hizi vitabu."

"Travis, mimi ndiye mtu wa mwisho wa kukusaidia. Baada ya vile nilifanya?"

"Ndio maana nimekuja kwako." Hakupaza sauti. "Nilikuwa na baba. Ni wewe ulinitoa kwake. Sasa nitafutie mwingine."

Kuna maneno yanayokupata ukiwa umekaa na bado yanakuangusha. Nilishika ukingo wa cherehani.

"Nitatafuta," nikasema. "Kesho nitaanza. Lakini kwanza twende nyumbani, Kui akuone."

"Zii, siendi. Kui asijue."

"Asijue nini?"

"Kwamba nimekuja. Kwamba unatafuta. Siwezi kumwoa mtu kama sijui mimi ni nani. Na sitaki anisubiri, labda huko mbele nitapata kitu kibaya. Mum, nipe neno lako. Ukimwambia, nachukua kadi yangu na hutaniona tena."

"Travis, usinifanyie hivyo. Nimetoka kumficha kitu kimoja, na ona."

"Basi nirudishie kadi."

Alinyoosha mkono. Nilimwona anamaanisha. Nilimwona akitoka kwa huo mlango na kupotelea Naivasha miongoni mwa maelfu ya watu, na hakuna mtu yeyote, wala Dalmas wala Kui, angejua pa kuanzia.

Nikaweka kiganja changu juu ya kadi.

"Sawa," nikasema. "Hatajua."

Simu yangu ikalia hapo hapo. Ilikuwa Kui. Ilikuwa mara ya kwanza anipigie tangu Jumapili. Travis aliona jina kwenye kioo cha simu, akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni.

"Kui," nikasema. "Umeamka? Umekula?"

"Nimekula kidogo." Sauti yake ilikuwa shwari, shwari kupita kiasi. "Mama, nataka kukuuliza kitu kimoja tu, na nataka uniambie ukweli. Umesikia chochote kutoka kwa Travis?"

Nilimtazama Travis. Alikuwa amenipa mgongo, ameinamisha kichwa, mikono nyuma ya shingo, kama mtu anayengoja hukumu.

"Hapana, mama," nikasema. "Sijasikia kitu."

Nilisikia pikipiki ikipita kwenye simu. Na nilisikia pikipiki hiyo hiyo ikipita nje ya duka langu.

"Mama," akasema, "niko hapa ng'ambo ya barabara. Naona shati lake."